Marekebisho Yangu Yalifutwa Mara Tatu

Jumamosi moja asubuhi nilisasisha simu yangu, nikaizima na kuiwasha, kisha nikafungua daftari langu la kazi, programu ya kuandikia. Kitufe cha kuhifadhi hakikuonekana. Kilikuwepo, ila nje ya kioo, upande wa kulia, mahali ambapo kidole hakifiki. Dirisha lote lilikuwa limerudia upana wake wa kompyuta ya mezani, na kazi yangu ya jioni mbili, ya kulipunguza mpaka likae kwenye simu, ilikuwa imeyeyuka. Sikulaani. Hii ilikuwa mara ya tatu, na ikifika mara ya tatu mtu huacha kulaani akaanza kujichunguza.

Simu yenyewe ni PinePhone, ile yenye RAM ya GB 2, na ndani yake nimeweka postmarketOS. Kwa asiyeijua, huo ni mfumo endeshi uliojengwa juu ya Alpine Linux, aina moja nyepesi ya Linux. Ulijitokeza mwaka 2017 na lengo ambalo wengi waliliona la ndoto: simu iishi miaka 10. Ndani ya Android nako kuna keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, hilo kweli, lakini ukishapita keneli kila kitu ni cha Android. Huku unakuta vitu vilevile vya kwenye kompyuta: taminali, mafaili ya mipangilio ndani ya /etc, hazina ya vifurushi (ghala ambamo programu hupakuliwa), na programu zilezile ulizozizoea. Wazo lenyewe ni la zamani. Nokia N900 ilitoka mwaka 2009 ikiwa hivyo, na kabla yake Neo 1973 ya mradi wa Openmoko, mwaka 2007. Canonical walipoiacha Ubuntu ya simu mwaka 2017, jumuiya ya UBports iliiokota ikaendelea nayo. Kila anayejaribu huacha vipande, na anayefuata huvichukua.

Kuanza kwangu kulikuwa kwa aibu. Nilipakua mfumo, nikauandika kwenye kadi ya kumbukumbu kwa amri ya dd, nikachomeka kadi, nikabonyeza kitufe. Kioo cheusi. Nikaiweka chaji usiku kucha. Kioo cheusi. Nikafungua mgongo wa simu nikaanza kuvichezea vile viswichi sita vidogo vya kukata modemu, Wi-Fi, maikrofoni na kamera, nikimtafuta mchawi. Mchawi alikuwa kwenye jina la faili: liliishia na .img.xz. Nilikuwa nimeandika faili lililobanwa vilevile lilivyo, na simu haiwezi kuamka kutoka kwenye furushi ambalo halijafunguliwa. Nikalifungua kwa xzcat, nikaandika upya, na simu ikaamka kama vile haijawahi kugoma.

Kuna jambo la PinePhone lililonipa ujasiri wa yote yaliyofuata: ikiwashwa hutazama kadi kwanza, kabla ya hifadhi yake ya ndani. Ukiuvuruga mfumo wa kwenye kadi, unachomoa kadi na simu inaamka na ule wa ndani. Niliharibu kadi mara nyingi sana. Simu haikufa hata mara moja. (Na ukitumia mfumo uliokwisha kutengenezwa tayari, nenosiri la mwanzo ni 147147, na kila mtu analijua. Libadilishe kabla hujafanya lolote.)

Kusakinisha programu zenyewe, kwa kweli, hakuna hadithi. Unaandika apk add (apk ndiyo zana ya Alpine ya vifurushi) na jina la kifurushi, na kabla hujakaa vizuri kimeshaingia. Kilichonifaa zaidi ni kugundua faili la /etc/apk/world. Humo mna orodha ya vile ulivyovitaka wewe mwenyewe, bila ya utitiri wa vifurushi vilivyofuatana navyo. Nikiweka mfumo upya, orodha ile peke yake inanirudishia simu yangu. Hila nyingine: ukihitaji zana za muda, tuseme za kukusanya msimbo (kuyageuza maandishi ya mwandishi kuwa programu inayoendeshwa), zisakinishe chini ya jina moja la kubuni kwa apk add -t, na ukimaliza uondoe jina hilo tu. Zana zote zinaondoka na mizigo yao.

Hadithi huanza pale unapotaka kitu kisichokuwemo kwenye hazina. Nilipata programu moja ambayo mwandishi wake huitoa ikiwa imekwisha kukusanywa, tayari kwa kuendeshwa. Nikaipakua, nikaipa ruhusa, nikaiita. Ikajibu kwamba muundo wa faili si sahihi. Hilo nililielewa upesi: nilikuwa nimechukua ile ya prosesa za kompyuta, x86_64, wakati prosesa ya simu ni ya aina nyingine, aarch64. Nikachukua ya aarch64. Nikaiita tena, na safari hii jibu likanitoa jasho: faili halipo. Halipo vipi? Nikaandika ls, faili hilo pale. Nikaandika njia yake kamili, herufi kwa herufi. Halipo. Nilidhani kadi imeharibika.

Kumbe kisichokuwepo kilikuwa kitu kingine kabisa. Programu nyingi za Linux hukusanywa zikitegemea maktaba iitwayo glibc, na ndani ya faili lake kila programu imeandikiwa jina la kipakiaji, yule anayetakiwa kuiinua na kuiunganisha na maktaba zake. Programu ile ilimtaka /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Alpine haitumii glibc. Hutumia musl, iliyo ndogo na nyepesi, na kipakiaji chake kina jina tofauti. Kwa hiyo mfumo ulipomtafuta kipakiaji ukamkosa, ukatoa jibu lile la "halipo" bila ya kusema nani hayupo. Siku hizi jibu hilo likitokea naandika amri ya file mbele ya jina la programu, inanionyesha kipakiaji kinachotakiwa, na ninajua mara moja kama napoteza muda.

Njia mbili zilibaki. Ya kwanza ni Flatpak, inayobeba maktaba zake yenyewe, glibc ikiwemo, kwa hiyo haijali umeiweka juu ya nini. Inafanya kazi vizuri, lakini kwenye simu yenye hifadhi ya GB 16 utaihisi: programu ndogo huja na mizigo ya mamia ya megabaiti. Ya pili ni kuchukua msimbo na kuukusanya mwenyewe. Nilijaribu kuukusanya kwenye simu hapohapo. Mgongo wa simu ukapata moto, kielekezi kikaganda, kisha mstari mmoja ukatokea: kazi imeuawa. RAM ilikuwa imekwisha na keneli ikachagua wa kumtoa sadaka. Kupunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja kutoka nne hadi moja kulisaidia kwa programu ndogo. Kwa kubwa nilihamia kwenye kompyuta, nikatumia pmbootstrap, zana ya postmarketOS inayojenga chumba cha kujitegemea ndani ya kompyuta na kukusanya humo vifurushi vya aarch64. Kifurushi kinatoka kimeiva, unakihamishia simu. Simu ibaki na kazi ya kuwa simu.

Lakini haya yote ni kuingiza programu. Ikishaingia, ndipo fundi cherehani anapoitwa.

Kioo cha PinePhone kina nukta 720 kwa 1440. Kwa macho ya binadamu herufi za ukubwa huo ni sisimizi, kwa hiyo Phosh, kiolesura ninachotumia, kwa kawaida hukuza kila kitu mara mbili. Maana yake programu inapewa upana wa nukta 360 tu. Dirisha lililoshonwa kwa kompyuta linaletwa kwenye mwili wa mtoto. Wanaounda programu za GNOME, moja ya mazingira makubwa ya madirisha kwenye Linux, wameifanya 360 kuwa kipimo cha kulenga, na maktaba ya libadwaita, kama libhandy kabla yake, ina vipande vinavyojikunja vyenyewe nafasi ikipungua. KDE, mazingira mengine kama hayo, nao wana Kirigami. Programu iliyoandikwa kwa vipande hivyo inakaa kwenye simu bila ya mtu kuigusa. Inatosha programu moja ambayo mwandishi wake aliweka upana wa chini kwa namba, na umepata kazi.

Daftari langu lilikuwa hivyo. Ni programu ndogo nzuri, sitaitaja jina. Kushoto orodha ya kurasa, kulia ukurasa wenyewe, na mahali fulani ndani ya maelezo ya dirisha kuna namba inayosema: usipungue hapa.

Kosa langu la kwanza halikuhusu hata upana. Phosh ina kichujio kinachoonyesha programu zinazofaa kwa simu peke yake, na huzitambua kwa mstari mmoja kwenye faili lao la .desktop, lile linaloutambulisha mfumo kwa programu, unaoanza na X-Purism-FormFactor. Daftari halikuwa na mstari huo, likawa halionekani. Nikafungua faili lake ndani ya /usr/share/applications, nikauongeza mstari, daftari likajitokeza. Nilijiona bingwa. Wiki iliyofuata nikasasisha, daftari likatoweka. Kilichotokea ni cha kawaida kabisa: kila kilicho chini ya /usr ni mali ya kifurushi, na toleo jipya likija huandika juu yake bila ya kumuuliza mtu. Apk ina adabu kwa /etc pekee. Faili ulilolihariri humo hukuachia, na lile jipya huliweka pembeni likiwa na mkia wa .apk-new. Chini ya /usr hakuna adabu hiyo, wala haitakiwi kuwepo.

Nikanakili faili lile kwenda ~/.local/share/applications, ndani ya folda yangu ya nyumbani, kwa jina lilelile. Mfumo ukikuta majina mawili yanayolingana hufuata la nyumbani. Hapo usasishaji haufiki. Nikajisifu tena. Kumbuka faili hili, tutakutana nalo.

Kisha upana. Phosh ina njia ya mkato ya kulibana dirisha lote, kama picha inayopunguzwa, mpaka litoshe. Kwa programu unayoifungua mara moja kwa mwezi inatosha sana, na sioni sababu ya kuhangaika zaidi. Kwa ile unayoandika ndani yake kila siku, haisaidii: herufi zinarudi kuwa sisimizi na vitufe vinakosewa. Nikaanza kuchimba. Ukiendesha programu ya GTK (maktaba inayochora madirisha ya GNOME) ukiwa umetanguliza GTK_DEBUG=interactive, linafunguka dirisha la ukaguzi linalokuonyesha kila kipande, upana wake na nani anayemshikilia nani. Ni bora ulifanye kwenye kompyuta, dirisha umelipunguza kwa kipanya hadi linapogoma. Ndani ya dakika kumi nilimpata mshikiliaji: kisanduku kimoja cha upande wa kulia, upana wa chini 520.

Maelezo ya dirisha huwa yamefungashwa ndani ya faili la rasilimali. Nikalifungua, nikabadilisha namba, nikalifungasha upya, nikalirudisha mahali pake. Mahali pake ni wapi? Chini ya /usr. Unaweza kuamini kwamba mtu aliyetoka kuungua pale siku chache kabla alirudisha mkono palepale? Nilijiambia hili ni la kujaribu tu, na la kujaribu likageuka la kudumu kama kawaida yake, mpaka usasishaji ulipolifagia. Mara ya pili hiyo.

Baadaye nikajifunza njia safi ya kujaribu. Maktaba ya GLib husoma kigezo cha mazingira kiitwacho G_RESOURCE_OVERLAYS. Unakiambia: rasilimali za njia hii zitafute kwanza kwenye folda yangu ile. Unahariri faili la dirisha kwenye folda yako, unafungua programu, unatazama, unafunga, unahariri tena. Hakuna kukusanya wala kufungasha. Nimeipenda kuliko karibu kila kitu kingine katika safari hii, na inanishangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra. Lakini ni ya mezani, ya kujaribia. Toleo jipya likibadilisha jina la kipande kimoja, faili lako la zamani litakuwa halina kipande hicho na programu haitafunguka kabisa.

Basi nikaamua kufanya mambo kiutu uzima, nikatengeneza kifurushi changu. Alpine huandika maelekezo ya kila kifurushi katika faili liitwalo APKBUILD, nalo ni skripti fupi ambayo hata mgeni anaisoma akaelewa. Nikachukua la daftari, nikaongeza kiraka changu, faili dogo lenye mabadiliko yangu, kwenye orodha ya vyanzo, nikaendesha abuild checksum, na namba ya pkgrel, inayohesabu mara toleo lilelile lilivyofungashwa upya, nikaipandisha hadi 100 ili kifurushi changu kionekane kipya kuliko kile cha hazina. Kikakusanywa, kikaingia, dirisha likakaa. Nikasasisha mfumo kwa makusudi ili nione, na kikabaki. Nikasasisha tena wiki iliyofuata, kikabaki.

Ndipo ikafika Jumamosi ile. Waandishi wa daftari walikuwa wametoa toleo jipya, na apk hupima namba ya toleo kabla ya pkgrel. Mia yangu haikuwa na thamani yoyote mbele ya toleo lililopanda hata kwa sehemu moja. Kifurushi changu kikaondolewa kwa kufuata kanuni, kimyakimya.

Nikakaa na kikombe mkononi nikitazama kitufe kilichopotea. Ningeweza kukizuia kifurushi kisisasishwe, lakini hapo ningeukosa usasishaji wake wa usalama na ningebaki nikilinda maiti. Ningeweza kurekebisha kiraka kwa kila toleo, maisha yangu yote. Au ningeweza kufanya ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mwanzo kwa sababu ya aibu tu: kuwapelekea wenyewe. Nilikuwa najiambia mimi si mwandishi wa programu, nimebadilisha namba moja, nitachekwa.

Niliwaandikia. Nikaeleza simu, upana wa 360, kisanduku, picha mbili za kioo, na kiraka. Jibu lilikuja na shukrani na pingamizi. Kupunguza namba, waliniambia, kungesaidia simu na kuharibu kompyuta, kwa sababu ukurasa ungeweza kubanwa hadi usisomeke hata mahali penye nafasi tele. Tatizo langu nilikuwa nimelitaja vibaya. Halikuwa upana wa kisanduku, bali kwamba vipande viwili vilikuwa vimesimama bega kwa bega mahali panapotosha kimoja. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2023, libadwaita ina kitu kinachoitwa AdwBreakpoint: unaweka sharti, tuseme dirisha likipungua chini ya kiasi fulani, na sharti likitimia, AdwNavigationSplitView inakunjwa. Kwenye kompyuta unaona orodha na ukurasa pamoja. Kwenye simu unaona orodha, ukigusa unaingia kwenye ukurasa, na mshale wa kurudi unajitokeza wenyewe.

Mimi nilikuwa nakata kitambaa, wao walikuwa wanaongelea kukunja. Niliandika upya, nikakosolewa mara mbili zaidi, mara moja kwa kosa la kizembe la nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Wakalipokea.

Wakati nasubiri toleo litoke nilihangaika na jambo jingine ambalo halina dirisha kabisa, na naliweka hapa kwa sababu lilinichukua muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nilikuwa na skripti ya kunikumbusha kazi: subiri saa moja kwa sleep 3600, kisha piga mlio. Kwenye kompyuta haikuwahi kukosea. Kwenye simu ukumbusho wa saa nne ulinifikia saa saba, au haukufika mpaka nilipoishika simu. Nilichokisahau ni kwamba simu hulala. Kioo kikizimika kwa muda, prosesa nayo inasinzia ili betri idumu, na saa inayohesabiwa na sleep husimama pamoja nayo. Kinachobaki macho ni saa ndogo ya maunzi. Ukiandika wakati unaoutaka, kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwenye /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm kabla simu haijalala, saa hiyo itaiamsha. Kama kuna wakati uliokwisha kuandikwa humo, andika 0 kwanza, la sivyo utakataliwa. Tangu hapo kila skripti ninayoihamisha kutoka kompyuta naiuliza swali moja: utafanya nini ukilazwa katikati?

Toleo la daftari likatoka. Nikasasisha, safari hii na hamu badala ya hofu, na daftari likaja limekunjwa vizuri, mshale wa kurudi mahali pake. Nikafuta folda ya APKBUILD yangu.

Miezi kadhaa baadaye daftari likaacha kufunguka. Nagusa alama yake, kioo kinapepesa, hakuna kitu. Kutoka kwenye taminali lilifunguka bila shida. Nikaliondoa, nikalisakinisha upya, hali ileile. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaandikia wenyewe ujumbe wa malalamiko nilipokumbuka faili la .desktop, lile nililolificha nyumbani kwangu ambako usasishaji haufiki. Toleo jipya lilikuwa limebadilisha jina la amri ya kuliita daftari, na faili langu, salama salimini, bado lilikuwa linaita jina la zamani. Tena lilikuwa halihitajiki hata siku nililoliandika: Phosh ina orodha yake kwenye mipangilio ambamo unaitaja programu na kuiambia iihesabu kuwa ya simu.

Nikaufuta ule ujumbe, kisha nikalifuta faili.